Kutoka Gogo Hadi Gitaa: Maswali Tunayoulizwa Sana Kuhusu Kupasua Mbao za Magitaa Hapa Mwanza

Karakana yetu iko Nyakato. Tunapokea magogo ya mbao ngumu, tunayapasua, tunayakausha, kisha tunawauzia mafundi wa magitaa vipande vilivyo tayari kwa randa. Simu inaita kutwa na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu ambayo ningekupa kama ungekuja kukaa nami kwenye benchi. Pale ambapo watu huharibu mbao nimeandika kirefu.

Mwembe wangu umeanguka uani. Unafaa kwa gitaa, au nimpe tu mchoma mkaa?

Tupigie sisi kabla hujampigia yeye. Naliweka swali hili la kwanza kwa sababu linaniuma: kila mvua kubwa ya upepo ikipita Mwanza, miembe inalala chini Bwiru, Pasiansi, Butimba, na baada ya siku tatu imekwisha kuwa magunia ya mkaa au kuni za tanuru la matofali. Huko Hawaii mafundi wanajenga ukulele na magitaa kwa mwembe na kuyauza kwa bei nzuri. Mti ni huu huu.

Tunachoangalia ni shina. Liwe na kipenyo cha sentimita 50 au zaidi, na lisimame wima angalau mita moja kabla ya tawi la kwanza. Liwe halijalala juani zaidi ya wiki moja. Mwembe hushika ukungu upesi sana: ndani ya siku chache mistari ya bluu na nyeusi inaanza kutambaa kutoka kwenye ncha. Wapo wateja wanaoipenda michoro hiyo, lakini ukungu ukiachiwa unageuka kuwa uozo, na mbao inabonyea kwa ukucha.

Jambo la pili ni chuma. Miti ya uani imepigiliwa misumari ya kila aina. Kuna mama mmoja wa Bwiru alituletea shina zuri ajabu, tukalipitishia sumaku juu juu, tukaanza kupasua. Kwenye ubao wa nne msumeno ulilia, cheche zikaruka, meno yakaondoka. Ndani, sentimita kumi na tano kutoka kwenye gome, kulikuwa na pete ya waya wa kuanikia nguo, imemezwa nzima, na kuizunguka doa jeusi refu kama mkono wangu. Mama alipouona waya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huo aliufunga marehemu mwaka tuliohamia hapa." Ule ubao wenye doa hatukuutupa. Ndio ulikuwa mgongo wa gitaa alilompa mjukuu wake.

Kwa hiyo ukituletea mti wa uani, tuambie historia yake: kamba ya nguo, bembea, bango la dukani, uzio. Itatuokolea msumeno.

Ni miti gani mnayoipasua, na kila mmoja unafaa sehemu gani ya gitaa?

Mninga ndio tunaoupenda kuliko yote, na huku kwetu unatoka zaidi misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Ukikauka, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 600 hivi, haupindi na hausinyai sana, na ukiugonga unajibu. Unafaa mgongo, mbavu (zile kuta za pembeni), shingo, hata mwili wa gitaa la umeme. Fundi anayeanza akiniuliza anunue nini, namwambia mninga bila kufikiri.

Mkangazi ni ndugu wa mahogani wa Afrika Magharibi, mwepesi kuliko mninga, na kwa shingo hauna mpinzani. Mkongo ni mzito na mgumu. Tunaupeleka kwenye ubao wa vidole, ule unaobonyezea nyuzi, na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni mwa gitaa.

Mjohoro watu wengi hawaujui kwa kazi hii, ingawa wanakaa chini ya kivuli chake kila siku. Ni ule mti uliopandwa kandokando ya barabara na kwenye viwanja vya shule. Nje ni mweupe, lakini kiini chake ni kahawia inayokaribia nyeusi, na mistari myembamba ya njano kama manyoya ya kanga. Ni mgumu, unang'aa, na kwa ubao wa vidole nausimamia mbele ya mtu yeyote. Una unga wa njano ndani yake unaowasha macho, kwa hiyo vaa miwani.

Mfenesi hutufikia kutoka Buchosa na Ukerewe. Ukipasuliwa ni wa njano kali; ukikaa kwenye mwanga unaiva kuwa rangi ya asali. Kule Cebu, Ufilipino, magitaa ya mfenesi ni kazi ya vizazi na vizazi. Mgrivelia, ule wa kivuli cha kahawa kule Kagera, ukipasuliwa vizuri unatoa madoa yanayometa kama magamba ya sato. Ni mbao nyepesi ya mgongo na mbavu, na bei yake haiumizi.

Mvule tunaupasua kwa nadra. Umekuwa haba, nyuzinyuzi zake zinapishana, na mara nyingine una mawe ndani: chokaa iliyoganda kwenye nyufa za shina, ngumu kiasi cha kuua msumeno. Tunapokea ule uliokufa au kuangushwa na upepo tu.

Na mpingo?

Mpingo haustawi huku kwetu kama kule Lindi, Mtwara na Ruvuma. Ni mzito kuliko maji, gogo lake huzama, na mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umbo la kuvunwa. Shina huwa jembamba, limepinda, mara nyingi lina uwazi katikati, kwa hiyo usitegemee kupata mgongo wa gitaa humo. Tunatoa ubao wa vidole, daraja na vigingi. Sehemu kubwa ya mpingo mzuri wa Tanzania huishia kwenye klarineti na obo huko nje.

Tunanunua wenye karatasi tu. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, na tangu hapo mtu hawezi kuniambia kwamba mpingo halali haupatikani.

Mnauza mbao za uso wa gitaa kavu, lile lisilotumia umeme?

Kidogo. Uso, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu la sauti, unataka mbao nyepesi na ngumu kwa pamoja, na mafundi wengi duniani hutumia sprusi au seda za nchi za baridi. Tumejaribu saipresi ya mashamba ya miti, ile isiyo na vifundo, na imetupa magitaa matatu ninayoyaonea fahari. Podo nayo inafaa ukipata kipande kilichonyooka. Lakini vifundo vinatutesa: katika mbao kumi za saipresi, mbili zikitoka safi tunashukuru.

"Kupasua robo" ni nini, na kwa nini mnang'ang'ania hivyo?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilijua hili, mengine yote yanakuja yenyewe.

Chukua ubao wowote uutazame kichwani, pale ulipokatwa. Utaona mistari ya ukuaji wa mti. Kama mistari imelala kama mikeka, huo umepasuliwa bapa. Kama imesimama wima kama nguzo za ua, huo umepasuliwa robo. Mbao ikikauka au ikipata unyevu hutanuka na kusinyaa, lakini si sawa pande zote: kufuata mzunguko wa mistari, husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye moyo wa mti. Kwa urefu haisogei kwa kiasi cha kukusumbua.

Sasa weka hilo kwenye gitaa. Mgongo una upana wa sentimita 40 hivi na unene wa milimita mbili na nusu, umegundishwa kwenye mbavu na kwenye miti ya kuimarisha ndani. Ubao bapa ukitanuka asilimia moja, hizo ni milimita 4, na hauna pa kwenda: utavimba kama tumbo la ngoma au utapasuka kwenye maungio. Ubao wa robo utatembea nusu ya hapo. Ndiyo maana tunang'ang'ania.

Gharama yake ni kwamba inahitaji gogo nene. Nusu ya mgongo ni sentimita 21 kwa upana. Upana huo wote lazima upatikane kati ya moyo wa mti na gome. Moyo wenyewe tunautupa kwa sababu hupasuka, na ile sehemu nyeupe ya nje tunaitupa kwa sababu ya wadudu. Kwa hiyo gogo la chini ya sentimita 50 haliwezi kutoa mgongo wa vipande viwili, labda vitatu au vinne. Magogo membamba tunayapeleka kwenye shingo, mbavu na ubao wa vidole.

Tunaanza hivi. Gogo linalazwa, tunachora msalaba kwenye kichwa chake kupita kwenye moyo, tunalipasua katikati, kisha kila nusu katikati tena. Tunabaki na vipande vinne, kila kimoja na umbo la kipande cha tikiti. Kutoka hapo tunapasua ubao mmoja upande huu, tunakigeuza, mmoja upande ule, tukifuata mistari isimame. Ni kazi ya polepole na inatoa takataka nyingi. Mpasuaji aliyezoea mbao za kenchi ataona tunapoteza muda.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho jicho halikioni: mwelekeo wa nyuzinyuzi. Mti unaweza kuwa umenyooka kwa nje huku ndani umejisokota kama kamba. Kabla ya kupasua, nakata kipande kifupi kichwani mwa gogo, nakisimamisha, nakipiga shoka moja katikati. Kikipasuka na uso ulionyooka, gogo ni la gitaa. Kikipasuka na uso uliopinda kama feni, nalipeleka kwenye samani, hata kama rangi yake inanitoa machozi. Shingo iliyokatwa kwenye mbao iliyojisokota itapinda tu siku moja nyuzi za gitaa zikiivuta, hakuna dawa.

Mtu wa msumeno wa mnyororo anaweza kunipasulia? Au mashine ya dingdong?

Kuangusha na kugawa gogo, ndiyo. Kutoa mbao nyembamba za gitaa, hapana, na sababu ni unga wa mbao.

Tuseme una bonge la mninga lenye unene wa sentimita 10, na unataka mbao za milimita 4.5 ili ukiranda zibaki 2.5. Msumeno wetu wa utepe unakula milimita 1.5 kila unapopita: utapata mbao 16, yaani migongo 8. Msumeno wa duara wa dingdong unakula kama milimita 6: utapata mbao 10, migongo 5. Mnyororo unakula kama 9: mbao 8, migongo 4, na sura yake ni mawimbi matupu, hivyo nusu ya hizo utazimaliza kwa randa. Kwa mninga wa bei ya leo, huo ni mgongo mwingi wa kuusambaza sakafuni.

Baada ya kukata mti, nina muda gani?

Siku hiyo hiyo paka ncha zote mbili. Nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, rangi ya mafuta iliyobaki kopo, au gundi nyeupe ya mbao, tabaka mbili nene. Maji hutoka kichwani mwa gogo upesi mara nyingi kuliko ubavuni, ncha inasinyaa wakati katikati bado imejaa maji, na hapo gogo linafunguka kama ua.

Nilijifunza hili kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa. Tulikuwa na magogo matano ya mfenesi kutoka Buchosa, yamekatwa asubuhi, mabichi, mazuri, hayajapakwa kitu. Lori likafika Busisi, foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, tukalala. Kesho yake jua la saa sita likawa linapiga moja kwa moja kwenye vichwa vya magogo. Nilikuwa nimekaa kivulini nakula samaki, nikasikia mlio kama mtu anavunja kijiti kikavu, kisha mwingine. Tulipofika Nyakato nyufa zilikuwa pana kiasi cha kuingiza sarafu ya mia mbili. Tulikata sentimita 20 kila ncha. Gogo la mita moja na nusu likabaki mita moja na kumi, na mbavu ya gitaa inataka sentimita 80 bila kasoro. Sasa daraja la kilomita tatu limezinduliwa tangu Juni 2025 na lori linavuka kwa dakika chache, lakini kopo la rangi bado linakaa chini ya kiti cha dereva.

Ukishapaka, weka gogo kivulini, juu ya vipande vya miti lisiguse ardhi, na tuletee ndani ya wiki mbili. Mwembe na mfenesi mapema zaidi.

Mbao zinakauka kwa muda gani?

Inategemea unene na msimu. Kwanza tunapasua mabonge ya sentimita 5 hadi 7, tunayapanga bandani na vijiti vya unene sawa kati ya kila tabaka, vijiti vimepangwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Kijiti kikikaa pembeni kidogo, ubao unajifunza kupinda hapo hapo. Juu tunaweka mawe. Upepo wa ziwa wa mchana ndio unaotufanyia kazi. Banda limeachwa wazi pande mbili kwa ajili yake. Bonge la mninga la sentimita 5 hutuchukua miezi sita hadi kumi. Mkongo zaidi. Masika hakuna kinachokauka, unasubiri tu.

Baada ya hapo tunapasua mbao nyembamba, na hizo tunaziingiza chumba kidogo kilichozibwa chenye feni na joto la taa, mpaka unyevu ushuke kutoka asilimia 12 au 14 za bandani hadi 8 hivi.

Nitajuaje kiwango cha unyevu bila kifaa?

Kwa mizani ya dukani na oveni. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si nchani. Kipime. Tuseme ni gramu 130. Kiweke kwenye oveni ya joto la nyuzi 100 hivi, ukitoe na kukipima kila saa chache mpaka uzito usishuke tena. Tuseme kimebaki gramu 104. Kilichopotea ni gramu 26. Gawanya kwa 104, zidisha kwa 100: asilimia 25. Mbao hiyo bado ni mbichi, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake kwamba ina mwaka mzima dukani.

Naweza kuanika juani ili niharakishe?

Hapana. Ngozi ya ubao inakauka na kukakamaa huku ndani kuna maji. Utauona umenyooka vizuri, halafu siku ya kuupasua mara ya pili unafunguka kama kitabu.

Gitaa langu lilijengwa Mwanza, nimehamia Dodoma, mgongo umepasuka. Nani wa kulaumiwa?

Pole sana. Uwezekano mkubwa ni kwamba fundi alijenga wakati wa mvua, kwa mbao za asilimia 13 au 14, na mbao hizo zilikuwa zimetulia kabisa kwa hali ya hewa ya ziwani. Dodoma mwezi wa saba hewa ni kavu. Mgongo ulisinyaa, na ulikuwa umegundishwa pande zote, ukapasuka. Lingetokea hilo hilo kwenye nyumba ya Ulaya yenye moto wa kupasha joto wakati wa baridi.

Ndiyo sababu tunashusha hadi asilimia 8 hata kama mteja anaishi Kirumba. Mbao iliyojengwa ikiwa kavu ikipata unyevu itavimba kidogo na kutulia. Iliyojengwa ikiwa na unyevu ikikaushwa itapasuka. Kwa fundi: siku ya kugundisha miti ya mgongo na uso, chagua siku kavu na hewa ya chumba iwe kati ya asilimia 40 na 50. Kama huna kipimo cha unyevu wa hewa, nunua hicho kabla ya kununua patasi nyingine.

Naona matundu madogo na unga mweupe kwenye mbao zangu. Ni nini?

Dumuzi. Wanapenda ile sehemu nyeupe ya nje yenye wanga. Kiini cha mninga au mjohoro hawakigusi sana. Kata sehemu nyeupe yote uichome. Kwa mwembe, ambao ni mweupe karibu wote, tunazilowesha mbao mbichi kwenye maji yenye boraksi mara tu baada ya kupasua. Mchwa ni habari nyingine: inua rundo lako sentimita 40 kutoka chini, na usiliegemeze ukutani.

Mbao za mtumbwi mkuukuu kutoka Mwaloni zinafaa?

Zinafaa, na napenda kuulizwa hili. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo mbao hazijajaa kitu kinachovuta unyevu milele kama zile za majahazi ya pwani. Ubao wa mvule au mninga uliofanya kazi ya kubeba dagaa miaka ishirini umeshatulia kuliko ubao wowote wa bandani. Shida ni misumari, na doa jeusi linalouzunguka kila msumari, na kalafati: ile pamba na mafuta vilivyoshindiliwa kwenye maungio huingia ndani na gundi haishiki hapo. Pia mbao za boti hupindwa kufuata umbo la chombo. Tunatafuta vipande vilivyonyooka vya sakafu au vya kukalia, tunakata kati ya misumari. Unapata ubao wa vidole, vichwa vya shingo, mara chache nusu ya mgongo.

Nahitaji kibali kukata mti wangu mwenyewe?

Anza na ofisa misitu wa halmashauri yako, hata kama mti uko uani kwako. Kwa miti ya asili huwezi kuvuna bila kibali, kwa Sheria ya Misitu, Sura 323. Na gogo au mbao zikishapanda gari, lazima ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile wanayoiita TP, kutoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hatupokei gogo la mninga, mkongo, mvule wala mpingo lisilo na karatasi. Tumewahi kurudisha lori zima usiku mtu akilia njaa. Iliniuma, na tulirudisha.

Naweza kumtumia fundi wa nje mbao zenu?

Miti ya jamii ya mpingo, popote ilipo, iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika waliongezwa kwenye mkutano wa Panama wa 2022, na masharti yakaanza Februari 2023. Kwa hiyo mbao za miti hiyo zinahitaji kibali cha kutoka nchini. Gitaa lililokamilika lenye mpingo halihitaji, tangu kanuni ziliporekebishwa mwaka 2019. Mimi nalisoma hilo hivi: jenga gitaa hapa, utume gitaa. Mwembe, mfenesi, mjohoro na mgrivelia hawamo kwenye orodha hizo.

Kweli mninga una sauti nzuri kuliko mwembe?

Nitakuambia ninachoamini, ingawa kinanipunguzia wateja wa mbao ghali. Sauti ya gitaa kavu inaamuliwa zaidi na uso na jinsi fundi alivyouchonga kuliko mbao za mgongo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa sita yaliyojengwa sawasawa, tofauti ikiwa ni mbao za mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 waliyapiga wakiwa hawaoni mbao. Hawakuweza kutenganisha ya mbao ghali na ya mbao rahisi kwa uhakika.

Kwa hiyo nunua mbao iliyotulia, iliyonyooka, ya robo. Jina la mti liwe la mwisho kwenye orodha yako. Mwembe mkavu uliopasuliwa vizuri utaushinda mninga mbichi kila siku.

Nawaagiza vipimo gani?

Mgongo: vipande viwili, kila kimoja sentimita 21 kwa 55. Mbavu: viwili, 12.5 kwa 82. Shingo: 7.5 kwa 70, unene 2.5. Ubao wa vidole: 7 kwa 50, unene milimita 9. Daraja: 4 kwa 18, unene milimita 12. Mwili wa gitaa la umeme: 35 kwa 50, unene milimita 45, kipande kimoja au viwili. Vipimo vyote ni kabla ya randa. Kama gitaa lako ni kubwa kuliko kawaida, tuletee ramani yake ya karatasi.

Vumbi lina madhara?

Ndiyo, na siku hizi siongei hili kwa upole. Vumbi la mvule na mninga linabana kifua, na likishakuzoea vibaya halikuachi. Kuna mwenzetu aliyepasua mbao miaka mingi kwa kitambaa cha kufunga puani. Leo hawezi kukaa bandani dakika kumi bila kukohoa. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, sio kitambaa. Fagia kwa maji kidogo, sio ukavu.

Mimi ni kijana, nataka kujifunza kazi hii. Mnapokea?

Tunapokea wawili kwa wakati mmoja. Yupo mmoja aliyeingia getini mwaka juzi, akasema, "Shikamoo fundi, nimekuja kutengeneza magitaa." Nikamwitikia marahaba, nikampa mizani, daftari na rundo la vijiti. Wiki sita alipanga mbao, akazipima, akaandika uzito, akazipanga upya. Mwezi wa pili alianza kunionyesha yeye ubao gani unapinda kabla mimi sijauona. Sasa ndiye anayepiga lile shoka moja kichwani mwa gogo, na nikiwa ndani namsikia kwa mlio tu kama limepasuka sawa.

Njoo Jumatatu asubuhi, na viatu vya kufunika vidole.